Lombok: Mali Imehama, Lindo Limebaki

Katika vijiji vingi vya kati na kusini mwa kisiwa cha Lombok, Indonesia, ng'ombe halali kwa mwenyewe. Analala kwenye zizi la pamoja pembeni mwa kitongoji, amefungwa mahali pake kati ya ng'ombe wa majirani ishirini, thelathini au zaidi. Nguzo ni za mianzi na miti, paa ni la mabati au nyasi, na katikati kuna ujia mwembamba ambao mtu mwenye tochi akiupita mara moja anakuwa amewahesabu wanyama wote. Mlangoni pana berugak, kibanda kisicho na kuta chenye jukwaa la mianzi, ambacho Wasasak hukitumia nyumbani kupokea wageni, kula na kujinyoosha mchana. Kwenye zizi kina kazi nyingine. Wanaume wa zamu hukaa humo usiku kucha wakiwa na kahawa, sigara na gogo lililotobolewa ndani, ambalo likigongwa kwa mapigo ya haraka kitongoji kizima kinajua kwamba mwizi ameingia.

Mgeni akiliona zizi hilo atasifu ushirikiano wa wanakijiji, naye atakuwa amesema kweli. Lakini zizi hilo lilizaliwa na hofu, na hofu hiyo ina historia ambayo haijaisha.

Lombok iko jirani na Bali, upande wa mashariki, na ina watu zaidi ya milioni tatu. Wengi ni Wasasak, Waislamu wanaowasikiliza sana walimu wao wa dini, wanaoitwa tuan guru. Watalii huijua kwa fukwe zake na kwa Rinjani, mlima wa volkano wenye mita 3,726. Chini ya mlima huo mpunga hupata maji. Kadiri unavyoelekea kusini ardhi inakauka, na katikati ya miaka ya 1960 watu wa huko walikufa kwa njaa. Katika nchi ya namna hiyo ng'ombe ndiye akiba. Anayefugwa hapa, ng'ombe wa Bali, ni mfupi, mwekundu, mwenye miguu myeupe kuanzia magotini kwenda chini, na huvumilia majani makavu ambayo ng'ombe wa kizungu angeyakataa. Familia huwa na wawili au watatu. Hakamuliwi. Hulima, hutoa mbolea, na huuzwa mtoto anapoingia sekondari, mama anapolazwa hospitali, harusi inapofika, au mzee anapotafuta amana ya rupia milioni 25 ili jina lake liingie kwenye foleni ya Hija, ambayo kwa mkoa huu iliwahi kufika zaidi ya miaka thelathini. Anayeiba ng'ombe mmoja amechukua mipango ya miaka mitano ya nyumba nzima.

Wizi wenyewe una utaratibu wake, na inafaa kuutazama kwa karibu, kwa sababu kuporomoka kwa usalama kulianzia hapo. Mtu anaamka alfajiri, anakuta kamba imekatwa na nyayo zinaelekea bondeni. Hakimbilii kituo cha polisi. Anakwenda kwa mzee fulani mwenye masikio kila upande, anakaribishwa kahawa, anaeleza shida yake bila kumtaja mtu. Mzee naye hamtaji mtu. Siku mbili baadaye jibu linakuja: mnyama yupo, ila kuna gharama za waliomtafuta. Kiasi kinatajwa, kinajadiliwa, kinalipwa. Mwenye mali anaelekezwa mahali, anamkuta ng'ombe wake amefungwa kwenye mti, na kila mmoja anaendelea na maisha. Malipo hayo huitwa tebusan, kikomboo.

Kwa mfugaji mmoja uamuzi huo una mantiki. Akipiga ripoti atatumia nauli na siku nzima kuandikisha maelezo, na kabla karatasi haijafika popote ng'ombe ameshavushwa na kuchinjwa. Akilipa, angalau anabaki na mnyama. Tatizo ni kwamba kila kikomboo kinagharamia wizi unaofuata, na kila mazungumzo ya namna hiyo yanamkuza mtu wa kati. Mzee ambaye wezi wanamsikiliza na walioibiwa wanamtegemea ana nguvu kuliko mkuu wa kijiji. Kufika miaka ya 1990 hali hiyo ilikuwa ya kawaida Lombok, na watu walikuwa wameshajifunza kwamba usalama hununuliwa kwa mtu wala hauombwi ofisini.

Kisha ukaja mtikisiko wa taifa zima. Kati ya 1997 na 1998 rupia ilianguka kutoka takriban 2,400 kwa dola hadi kupita 15,000. Mei 21, 1998 Suharto akajiuzulu baada ya miaka 32 madarakani. Polisi, ambao hadi Aprili 1999 walikuwa tawi la jeshi, walijikuta hawaogopwi tena na bado hawajaaminiwa. Vijijini wizi ukazidi, na watu wakajibu kwa njia waliyoijua. Lombok ya Kati tayari ilikuwa na Bujak, kundi la wafuata nyayo, ambalo baadhi ya watu wake walikuwa wezi wa zamani, wenye kuzijua njia za usiku kwa sababu waliwahi kuzipita. Huko Jerowaru, Lombok Mashariki, kikaanzishwa chama kilichoitwa Amphibi, kikiwa na baraka za viongozi wa dini. Wanachama walilipa ada, wakavaa makoti ya rangi ya chungwa, wakapeana redio za mkononi. Mwishoni mwa 1999 chama hicho kilidai kuwa na wanachama zaidi ya 200,000.

Ni rahisi leo kuwalaumu waliojiunga. Ukijiweka katika nafasi ya mkulima mwenye ng'ombe wawili na watoto wanne, ambaye miezi sita hajalala usingizi mzima, utaona kwa nini alitoa ada yake kwa moyo mkunjufu. Pia ni kweli kwamba wezi waliogopa. Lakini ulinzi wa uanachama una kasoro ambayo haiponi: ambaye si mwanachama anabaki wazi kwa mwizi, na muda si mrefu anaanza kutiliwa shaka na mlinzi. Watu walioshukiwa wizi walipigwa, wengine wakauawa bila kesi. Vikundi vikagombania mitaa na wafuasi, na mwishoni mwa mwaka huo huo mapigano kati ya wanamgambo na wanakijiji yakamwaga damu ambayo haikuwa na uhusiano wowote na ng'ombe. Dola nalo halikuwavunja waziwazi. Liliwaita wasaidizi wa usalama na kuendelea kuwahitaji, hasa wakati wa kampeni za uchaguzi. Jambo ambalo kijiji kililihitaji, yaani mtu wa kumjibu aliyeibiwa bila kuuliza ni wa kundi gani, halikupatikana kwa Amphibi wala kwa polisi.

Zizi la pamoja lilikuwa jibu bora kuliko hayo yote, nami nalitaja kwa heshima. Halihitaji koti wala kiongozi mkubwa. Kila kaya yenye mnyama inatoa mtu wa zamu. Asiyekuja anatozwa faini au anafidia kwa zamu nyingine. Kwa kuwa wanyama wako pamoja, daktari wa mifugo anaweza kuchanja kitongoji kizima kwa asubuhi moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Mataram na wenzao wa Australia walilitumia vizuri: waliweka fahali mmoja mzuri kwa zizi zima, wakawafundisha wafugaji kupanga majira ya kuzaa yaendane na majani mabichi na kuwaachisha ndama mapema, na vifo vya ndama vikapungua. Mwaka 2008 serikali ya mkoa wa Nusa Tenggara Magharibi, ambamo Lombok imo, ilitangaza mpango wa kuufanya mkoa huo kuwa wa ng'ombe milioni moja. Tangazo hilo liliwezekana kwa sababu maelfu ya wanaume walikuwa wanakesha bila malipo.

Ulinzi huo ulikuwa na gharama zake, na nyingine zilichelewa kuonekana. Aprili na Mei 2022 ugonjwa wa miguu na midomo uliibuka tena Indonesia, nchi iliyokuwa imejitangaza kuwa huru nao tangu 1986. Lombok ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kupigwa, wiki chache kabla ya Idi ya kuchinja, msimu ambao mfugaji huutegemea kuliko wote. Virusi hivi huenea kwa mate, pumzi, kwato, nguo na ndoo. Zizi ambalo lilikuwa limewakusanya ng'ombe pua kwa pua ili mwizi asipate upenyo, lilikuwa pia limewapangia ugonjwa safari fupi kabisa. Asubuhi anaonekana mmoja anadondosha udenda na kuchechemea. Baada ya siku chache safu nzima imelala chini. Masoko ya mifugo yakafungwa. Serikali iliahidi rupia milioni 10 kwa kila ng'ombe atakayeuawa kwa amri yake ili kuzuia maambukizi, lakini wanyama wengi hawakuuawa kwa amri ya mtu. Walikonda, wakauzwa kwa bei ya hasara kwa wachuuzi waliojua kwamba mwenye mali hana la kufanya.

Ugonjwa huo ulidhibitiwa kwa chanjo, na mazizi yapo. Linalonitia wasiwasi zaidi ni suala la nani anakesha. Lombok, hasa wilaya ya Lombok Mashariki, ni kati ya sehemu za Indonesia zinazotoa wahamiaji wengi zaidi wa kazi. Wanaume huenda kwenye mashamba ya michikichi Malaysia. Wanawake wengi wamekwenda Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba kama watumishi wa ndani, katika nyumba zile zile na chini ya mfumo ule ule wa udhamini unaowakuta mabinti wanaotoka Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 2015 Jakarta ilipiga marufuku kupeleka watumishi wa ndani katika nchi za Mashariki ya Kati, na safari ziliendelea kwa mlango wa nyuma. Kabla ya kuondoka, mtu humlipa dalali, na fedha za dalali mara nyingi hupatikana kwa kuuza ng'ombe au kuweka shamba la mpunga rehani. Tangu siku hiyo mali ya kaya hiyo iko kwenye mwili wa mtu mmoja aliye mbali, na hakuna gogo linalogongwa likasikika hadi Sabah, huko Malaysia.

Hesabu ya zamu nayo inabadilika. Lindo la usiku ni kazi ya wanaume wenye nguvu, na ndio wanaoondoka. Mke aliyebaki na ng'ombe mmoja na wazazi wazee atamwomba shemeji amshikie zamu, au atamlipa kijana, au atamuuza mnyama. Kila anayeuza anapunguza idadi ya wanaokesha, na wanaobaki wanalala macho mara nyingi zaidi kwa ajili ya ng'ombe wachache zaidi. Zizi linaweza kuvunjika hata kabla mwizi hajafika, kwa uchovu tu.

Hoja yangu, basi, inahusu mwendo wa mali yenyewe. Watu wa Lombok hawajapoteza utu, na bidii yao ya kujilinda inaonekana kila usiku. Ila kila mara walijenga ulinzi kwa ajili ya mali waliyokuwa nayo siku hiyo, na mali ikahama. Walinzi wa 1999 walijua kufuata nyayo za kwato. Zizi linajua kumzuia mwenye kisu cha kukatia kamba. Leo akiba ya kijiji imo kwenye mshahara wa binti aliye Riyadh, kwenye pikipiki ya mkopo, kwenye nyumba ya matofali na kwenye kipande cha ardhi ambacho bei yake imepanda kuliko wenyewe walivyotarajia, na katika hivyo hakuna hata kimoja kinachoweza kufungwa zizini.

Nyumba ya matofali inastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu iliua. Aliyerudi kutoka Malaysia na fedha alijenga kwa tofali na zege. Nyumba ya mianzi na nyasi ilikuwa ishara ya umaskini aliokwenda kuukimbia. Fundi wa kijijini alijenga kwa kadiri ya mfuko wa mwenye nyumba: nondo nyembamba na chache, nguzo zisizoungana vizuri na kuta, mara nyingine bila mkanda wa zege juu. Julai 29, 2018 tetemeko la kipimo cha 6.4 liliipiga kaskazini ya kisiwa. Agosti 5, saa mbili kasorobo usiku, watu wakiwa kwenye sala ya Isha, likaja jingine la karibu 7. Katika kitongoji cha Lading-Lading msikiti uliporomoka juu ya waumini. Agosti 19 ardhi ikatikisika tena kwa nguvu karibu sawa na hiyo. Jumla ya waliokufa ilizidi 500, wengi wao Lombok Kaskazini, na watu zaidi ya 400,000 wakalala nje ya nyumba zao. Huko huko kaskazini, msikiti wa kale wa Bayan, wenye kuta za mianzi na nguzo za mbao, ulibaki wima.

Sisemi kwamba watu wangebaki kwenye mianzi. Nyumba ya matofali iliyofungwa sawasawa kwa nondo na zege husimama, na maarifa hayo yapo Indonesia. Yaliyokosekana ni mkaguzi wa ujenzi anayefika kitongojini na mtu wa kumfundisha fundi. Serikali ililinda hadhi yake baada ya msiba: rupia milioni 50 kwa nyumba iliyoharibika vibaya, milioni 25 kwa iliyoharibika kiasi, milioni 10 kwa iliyoguswa kidogo. Kuzipata kulihitaji kaya kujiunga na kikundi, kikundi kufungua akaunti, wahandisi kuhakiki, na mpango wa nyumba kuidhinishwa. Wengi walipitisha msimu wa mvua chini ya maturubai. Waliokuwa na ng'ombe waliosalimika waliwauza kwa chochote walichopewa ili wanunue mabati, na hivyo akiba ya zamani ikaliwa ili kuziba pengo la akiba mpya.

Ardhi ndiyo mali iliyopanda thamani kuliko zote na ndiyo yenye kinga dhaifu. Wakulima wengi wa Lombok walikuwa na pipil, karatasi ya zamani ya kodi ya ardhi, ambayo kwao ilikuwa ushahidi wa kutosha, kwa sababu kila jirani alijua mpaka unapita wapi. Sheria ya ardhi ya Indonesia inaangalia hati miliki. Tofauti hiyo haikuwa na uzito wakati ambapo ufukwe wa kusini ulikuwa mchanga na minazi. Ilikuwa nzito kwelikweli pale Mandalika, katika tarafa ya Pujut, ilipotengwa kuwa eneo la utalii. Ununuzi ulianza tangu zama za Suharto. Eneo la hekta 1,175 likaja kuwa chini ya kampuni ya serikali, likafunguliwa rasmi kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi mwaka 2017, na likajengwa uwanja wa mbio za pikipiki wa kilomita 4.3 uliotumika kwa mara ya kwanza Novemba 2021. Familia kadhaa zilisema mashamba yao hayakulipwa kamwe, au kwamba aliyelipwa alikuwa mtu mwingine. Machi 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walieleza hadharani wasiwasi wao kuhusu kuhamishwa kwa watu. Serikali ya Indonesia ikayakanusha madai hayo. Sina nafasi ya kuamua kesi ya kila kiwanja. Naona tu kwamba mtu ambaye angeweza kumnasa mwizi wa ng'ombe kwa kutazama ukwato tu, hakuwa na njia ya kujua jina lake limetolewa lini kwenye daftari.

Tangu 2016 serikali imeleta bima ya ng'ombe. Malipo yalipangwa kuwa rupia 200,000 kwa mwaka kwa kila mnyama. Serikali ilipangwa kulipa 160,000 na mfugaji 40,000. Ng'ombe akifa, mwenyewe anaweza kupata hadi milioni 10. Akiibwa, milioni 7. Fahali aliyenona kwa ajili ya Idi huuzwa kwa zaidi ya maradufu ya hizo, lakini kwa aliyepoteza kila kitu milioni 7 zinatosha kununua mtamba na kuanza upya. Huu ni msaada wa kweli na ningependa ufike kila zizi. Kasoro yake iko kwenye karatasi: madai ya wizi yanahitaji barua ya polisi. Mfugaji aliyerithi kwa baba yake desturi ya kutopita polisi, na ambaye hadi leo akienda kwa mtu wa kati ana matumaini ya kumpata mnyama mwenyewe, anaambiwa fidia yake inaanzia kaunta asiyoiamini.

Hata hivyo, mengi ya mazizi haya yamesajiliwa kama vikundi vya wafugaji, yana viongozi, daftari la wanyama na orodha ya zamu. Sheria ya Vijiji ya 2014 imevipa vijiji fedha za moja kwa moja kutoka serikali kuu kila mwaka tangu 2015, na mkutano wa kijiji ndio unaojadili zitumike wapi. Posho ya walinzi wa usiku ingeweza kutoka humo, ili mjane na mke wa mhamiaji wabaki na mnyama bila kumtegemea shemeji. Daftari la zizi, lenye sahihi ya mkuu wa kitongoji na watu wawili waliokuwa zamu usiku huo, lingeweza kukubaliwa na bima badala ya barua ya polisi, na nakala yake ikapelekwa polisi baadaye. Anayehofia kwamba wanakijiji watadanganya aangalie mazizi hayo yamedumu miaka mingapi kwa neno la majirani, na anayeendelea kudai kwamba watadanganya aeleze kikomboo cha sasa kina uaminifu gani kuliko huo.